Goti la Abiria

Pikapu ya baba ilikuwa na gia alizozijua yeye peke yake. Bushi, vile vipete vya mpira vya vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi, zilikwisha zamani, naye akaweka vipande vya kandambili mahali pake. Gia ya kwanza haikuingia mpaka mkono ugonge goti la abiria. Hivyo ndivyo alivyobeba mawe ya dhahabu Masumbwe miaka yote.

Mimi na ujuaji wangu nikaleta bushi mpya kutoka Shinyanga. Nilifungua vyuma, nikavisafisha, nikavirekebisha mpaka kila gia ikaingia kwa kidole. Kisha nikakaa upande wa abiria, nikamwambia ajaribu.

Alisukuma mkono wa gia hadi gotini kwangu, kama alivyozoea. Huko sasa kulikuwa na rivasi. Tukarudi kinyumenyume, tukaangusha ukuta wa jiko la mama.

Hakunigombeza. Alizima gari, akanipa funguo. Nikamwambia nitarudisha kandambili zake. Akasema, “Acha. Gari ni lako.”

Siku hizi yeye ndiye anayekaa upande wa abiria. Nikiingiza gia ya kwanza, mkono haufiki tena kwenye goti lake, lakini kila nikitaka kuondoka, analisogeza.