Mtihani Uliomkuta Rukia Edani

Siku yangu ya kwanza kazini baba yangu alinisindikiza mpaka mlango wa skuli, yeye mbele na mimi nyuma, njia nzima kutoka mtaa wetu wa Malindi. Tulipofika alisimama, akaniombea dua kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Unachokijua ni amana, mwanangu. Usimpe mtu kwa hasira." Akageuka, akaenda zake. Yeye ndiye aliyenisomesha Kurani na fiqhi nyumbani kabla sijaujua mlango wa skuli, na mtaani walikuwapo waliomlaumu kwa kuniachia kwenda kusomesha Kiingereza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mwanamke wa Kizanzibari kusomesha lugha ile lilikuwa jambo la watu kuchungulia madirishani.

Mwalimu Mkuu, bibi wa Kiingereza mwenye sauti ndogo, aliniweka nyuma ya darasa nimsikilize mwalimu mzoefu. Hilo liliitwa somo la mfano: mgeni hafundishi, hutazama tu namna chaki inavyoshikwa na namna mwanafunzi anavyoulizwa bila ya kuaibishwa. Kulikuwa na imla, mwalimu akisoma polepole na wanafunzi wakiandika wanachosikia. Kulikuwa na ufupisho, habari ndefu ikapunguzwa mpaka kibaki kiini chake. Na kulikuwa na insha, ambayo ndiyo iliyompambanua aliyejua na aliyekariri.

Katika insha niliona ajabu. Wasichana waliandika kuhusu theluji na moto wa kuota jioni, na huku jasho linawadondoka juu ya karatasi. Insha hizo walizihifadhi kutoka vitabuni neno kwa neno, kama tulivyohifadhi sura za Kurani, wakadhani Kiingereza nacho huingia hivyo.

Alipokuja Bwana Mkaguzi wa Elimu, nami nimeshapewa darasa langu, alizisoma mbili tatu, akanitazama. "Bibi, wasichana wako wanaandika vizuri sana mambo wasiyoyaona."

"Ndivyo walivyosomeshwa, Bwana."

"Basi wewe wasomeshe vyengine."

Hakuniambia vipi. Nilifikiri peke yangu, nikaanzisha insha ya mdomo. Mwanafunzi hashiki kalamu mpaka awe amelisimulia jambo lake mbele ya wenzake, jambo aliloliona kwa macho yake, na wenzake wamemuuliza na yeye amewajibu. Hapo tena ndipo huandika. Kazi ilikwenda polepole, na wakubwa wengine waliiona ni kupoteza wakati, lakini theluji ilikoma.

Baadaye nilihamishiwa skuli ya wasichana Chwaka, na huko ndiko nilikompata Rukia. Baba yake alikuwa mchoma chokaa. Rukia alikuwa mwembamba, mdomo hautulii, na siku ya kwanza ya insha ya mdomo alisimama akasimulia tanuri la baba yake, kwa Kiingereza cha kuungaunga.

"Chokaa ikiiva hukaa kimya," alisema. "Ila ukiimwagia maji, Mwalimu, hupiga kelele kama mke mwenza."

Darasa zima lilicheka. Nilimuuliza amemjua wapi mke mwenza. Akasema, "Tunao jirani, Mwalimu. Ukuta wetu mwembamba."

Nilipoitwa kusomesha Kiingereza na uandishi katika chuo cha walimu wa kike mjini, Rukia alinifuata baada ya muda, safari hii akiwa mwanachuo. Mkuu wa Chuo, tukimwita Bibi Mkuu, alikuwa Mwingereza mkavu na mwadilifu. Sikumwona hata siku moja akimpendelea mtu wala kumdhulumu. Kanuni ya chuo kile ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba. Mwishoni mwa masomo ulikuwapo mtihani wa shahada, yaani cheti cha ualimu, nao ulifanywa mara moja. Aliyeukosa, kwa sababu yoyote, hakupewa mwengine, na bila ya shahada hakuna skuli iliyomwajiri. Rukia alitaka kuwa mwalimu tangu Chwaka. Sikuwahi kumsikia akitaja kazi nyengine.

Mwaka wake wa mwisho aliolewa na Salimu, karani wa forodha, mtoto pekee wa mjane aitwaye Bi Time wa mtaa wa Kiponda. Ndoa ilifungwa kwa sharti kwamba bibi harusi atamaliza masomo, na Salimu alilitimiza kwa moyo. Asubuhi alimleta mwenyewe mpaka langoni, akiniona husema, "Shikamoo, Mwalimu. Nnakuletea mwanafunzi. Jioni mnirudishie mke wangu."

"Marahaba. Akifeli tutakurudishia mapema."

"Hafeli huyu! Nyumbani anatusahihisha hata tunavyopiga chafya."

Homa ilimchukua Salimu ghafla. Alikwenda kazini akiwa mzima, akarudi anatetemeka, na haukupita muda tukasikia amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Rukia akaingia edani, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo wajibu wa kila mfiwa na mume: hatoki ovyo, hapaki wanja, havai asumini, hafukizi udi. Na tulipohesabu, mtihani uliangukia humo humo ndani ya eda.

Nikawa kila baada ya sala ya alasiri nakwenda Kiponda. Rukia hukaa juu ya mkeka, nguo zake nyeupe, akanisimulia insha ya mdomo kama zamani. Bi Time hukaa pembeni akishona kofia. Hakujua neno la Kiingereza ila hakukubali kuachwa nje ya mazungumzo.

"Kizungu chenu hicho," aliniambia, "kama mtu katia kitu cha moto mdomoni, anatafuta pa kukitema. Leo anasimulia nini?"

"Soko la Darajani, Bi Time."

"Kashamtaja papa mkavu?"

"Bado."

"Mwambie amtaje! Soko gani lisilonuka papa?"

Rukia alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu maziko. Bi Time naye akacheka, kisha akajifunika uso kwa kanga. Ndivyo siku zilivyokuwa katika nyumba ile. Wanawake wawili walipokezana mzigo mmoja kwa zamu.

Nilimwomba Bibi Mkuu Rukia aufanyie mtihani nyumbani, mbele ya msimamizi. Aliandika kwenye Idara ya Elimu na idara ikakataa: mtihani ni ukumbini, kwa watu wote. "Nimejaribu," aliniambia, na najua alijaribu kweli. "Je, dini yenu inamruhusu kuja?"

Jibu nililijua kwa kusoma, lakini jambo la watu halitoshi kujuliwa na mtu mmoja. Nilikwenda kwa sheikh aliyekuwa rafiki wa baba yangu, nikamweleza nikiwa nimekaa na mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenye eda ya kufiwa hutoka mchana kwa haja yake," alisema. "Usiku ndio hulala nyumbani kwake. Na riziki yake ni haja. Aende, avae mavazi yake ya eda, arudi kabla ya magharibi. Akilaumiwa na mtu, mlete mtu huyo kwangu."

Nilirudi Kiponda mbio mbio kama msichana. Bi Time aliposikia maneno ya sheikh alisema, "Akishasema yeye, nani mimi?" Bibi Mkuu akaahidi gari ya chuo. Yote yalikuwa tayari. Nilisali rakaa mbili za shukrani.

Asubuhi ya mtihani nilikwenda kumchukua. Rukia alikuwa ameshavaa buibui, kalamu zake mkononi. Bi Time alikaa chini karibu na kitanda cha mwanawe, ambacho alikuwa hajakubali kiondolewe. Hakumzuia mtu. Alisema tu, tena kama anajisemea mwenyewe, "Basi leo ndio nitabaki mimi na kuta."

Rukia alisimama mlangoni.

"Jirani atakuja kukaa nawe, mama," alisema.

"Atakuja, mwanangu. Nenda. Usichelewe." Kisha akaanza kutetemeka, mikono, mabega, mpaka taya, kama alivyotetemeka Salimu. Kofia aliyokuwa akiishona ikamwanguka. Alijaribu kuiokota na vidole vikakataa.

Rukia aliweka kalamu juu ya rafu. Akavua buibui, akalikunja, akakaa chini, akamkumbatia.

"Rukia," nilimwita kwa Kiingereza ili mkwewe asielewe, "unajua mtihani huu haurudi."

Akanijibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa sentensi safi kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo. Alisema, "Najua, Mwalimu. Yeye hajui. Tafadhali usimwambie."

"Mnasemaje?" aliuliza Bi Time.

"Nnamwambia Mwalimu asalimie wenzangu," alisema Rukia.

Nilirudi chuoni peke yangu ndani ya gari. Bibi Mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi akitazama saa. Nilimwambia Rukia haji.

"Dini imekataa?"

"La, Bibi. Dini ilimruhusu."

"Mkwewe?"

"Naye alimruhusu."

"Basi nani aliyemkataza?"

"Hakuna, Bibi. Amekaa na mamake."

Aliingia ukumbini, akaenda mpaka kwenye meza ya Rukia, akakichukua kikaratasi chenye jina lake. Wengine wakaanza kuandika. Mimi nilisimama dirishani nikiwasimamia, na macho yangu nayazuia, kwa sababu msimamizi akilia huwatia wanafunzi wasiwasi.

Matokeo yalitoka, wenzake Rukia wakapangiwa skuli zao, mmoja Bububu, mwengine Makunduchi, mwengine Pemba. Nami nilifurahi kwa ajili yao, alhamdulillahi, kwani kila mmoja ni mwanangu.

Eda ilipokwisha, asubuhi moja niliitwa langoni. Nilimkuta Bi Time amevaa buibui jipya, amesimama wima, uso umerudi na damu. Kamshika Rukia mkono kama mtu anayempeleka mtoto skuli siku ya kwanza. Rukia alikuwa amekoga, katiwa wanja, asumini kichwani. Alikuwa akitazama chini.

"Shikamoo, Bi Time," nilisema, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu.

"Marahaba, Mwalimu. Eda imekwisha. Nimemleta mwenyewe." Alikuwa akitabasamu. "Haya, alipe mtihani wake."

Nilimgeukia Rukia. Bi Time akadhani nimesahau, akanieleza kwa upole. "Ule alioukosa. Alikuwa na udhuru. Si hulipwa?"

"Haulipwi, Bi Time."

"Haulipwi vipi? Mtu akiumwa mwezi wa Ramadhani hula, akapona akalipa. Msafiri hulipa. Mzazi aliyejifungua hulipa. Saumu ni ya Mungu, naye anakubali ilipwe. Huu wa Wazungu ndio hawakubali?"

"Hufanywa mara moja tu. Aliyeukosa ameukosa."

Alinitazama, kisha akamgeukia Rukia taratibu.

"Ulijua?"

"Nlijua, mama."

"Siku ile ile ulijua? Umekaa na mimi, umenifanyia uji, na huku unajua?"

"Nlijua."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungenitoa. Ungenisukuma mlangoni kwa mikono yako, na mikono yako siku ile ilikuwa haishiki kitu."

Bi Time alikaa juu ya ngazi ya chuo, mtu mzima mwenye heshima zake, hadharani. Hakulia. Alikuwa akiupapasa mkono wa Rukia, kidole kwa kidole, kama anatafuta kilichopotea humo. Bibi Mkuu alitoka akaniuliza mwanamke yule anataka nini. Nilimtafsiria yote, na ya saumu pia. Alisikiliza, akasema, "Mwambie nasikitika."

Nikamwambia.

"Mwambie ahsante," alisema Bi Time. Akanyanyuka, akampangusa Rukia begani vumbi ambalo halikuwapo, wakaondoka pamoja.

Bibi Mkuu aliandika tena idarani kumwombea, na jibu likawa lile lile. Rukia hakurudi kwao Chwaka. Alikaa Kiponda akishona kofia na Bi Time, mpaka Bi Time alipofariki mikononi mwake, ndipo akarudi kwao shamba, akaolewa na mtu mwema. Darasani hakuingia tena. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi, na mara nyingi ulimi uliniwasha nimuulize kama anajuta. Sikumuuliza. Naye ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Mimi nilisomesha mpaka nikastaafu. Mungu alinipa afya, alinipa wakubwa waadilifu, alinipa wanafunzi ambao leo wajukuu wao hunipa mkono njiani. Vijana wananiuliza uandishi ulisomeshwaje wakati wetu, nami nimewaeleza humu kadiri ninavyokumbuka. Lakini wakiniuliza kuhusu mitihani, jibu langu huwa fupi.

Baada ya sikukuu ya Ramadhani, mwezi wa Mfunguo Mosi, wajukuu zangu wa kike huanza kulipa siku zao za saumu. Hutaniana jikoni, huyu amebakiwa na nyingi, yule na chache, nami huwapikia uji wa kufuturia. Mwaka jana mmoja wao aliniuliza, "Bibi, mbona unalia?" Nilimwambia ni moshi. Akaitazama gesi, akanitazama, akanipokea mwiko, akaendelea kukoroga.