Akaunti ya Mkuu Iliyojifunga Kila Asubuhi

Chuoni walimwita Komeo, na jina lilimkaa kama kofia aliyoshonewa. Yeye ndiye aliyetunza seva, na sheria aliiweka yeye: ukikosea neno la siri mara tatu, akaunti inajifunga, wala haifunguliwi mpaka uje mwenyewe na kitambulisho.

"Hata mkuu?" walimtania wahasibu.

"Hata mimi."

Muhula ulipoanza, aliagiza kila mtu abadilishe neno lake la siri. Tangu hapo akaunti ya mkuu wa chuo ikawa inajifunga kila asubuhi kabla mwenyewe hajafika kazini. Siku ya nne mkuu akasimama mlangoni pa Komeo, kitambulisho shingoni.

"Komeo, unanifungia nje ya nyumba yangu. Ikijifunga tena, nenda kalinde geti."

Komeo akafungua kumbukumbu za seva. Majaribio matatu, saa moja na dakika ishirini, kompyuta ya pili ya masjala. Kompyuta ile ilikuwa ya mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Alimkuta peke yake, akipanga majalada.

"Alinipa neno lake mwenyewe, mwanangu," mama mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu namwingizia alama za wanafunzi, yeye anakunywa chai. Sasa kalibadilisha, kasahau kuniambia. Mimi nabahatisha tu."

"Si umuulize?"

"Mbele za watu hujifanya hanijui, wewe. Tuliahidiana isijulikane. Usinitaje, nimebakiza miezi minane nistaafu."

Mchuma janga hula na wa kwao. Komeo alirudi kwenye chumba chake kisicho na dirisha, akaandika ripoti yenye namba ya kompyuta bila jina la mtu, akidhani nusu ya kweli itamwokoa. Nusu ya kweli haijamwokoa mtu.

Mkuu aliisoma, akakohoa. Alijua vizuri nani anakaa pale.

"Andika ni hitilafu ya mtambo, yaishe."

"Si hitilafu, mzee."

"Basi andika jina la mwenye kiti kile, nimfukuze leo hii. Chagua."

Komeo akashika kalamu. Kisha akaandika hitilafu, akatia sahihi, na mkuu akaifungia karatasi ile kabatini.

Kesho yake, saa moja na dakika ishirini, akaunti ya mkuu ilifunguka kwa jaribio la kwanza, kutoka masjala. Baadaye mama mdogo alipita na kikombe cha chai, akakiweka mezani kwake.

"Kanipa jipya. Umenisitiri, mwanangu."

Komeo aligeukia kompyuta yake. Kwenye kioo alama zilikuwa zimeshaingia kwa jina la mkuu, ambaye bado yuko njiani kuja kazini, na siku Komeo akitaka kusema, shahidi wa kwanza wa kumkanusha atakuwa sahihi yake mwenyewe.