Mwanamke wa Lori la Kabichi

Kikundi chetu cha waandishi hukutana Jumamosi pale Mazimbu, kwenye kibaraza cha mgahawa, na kina kanuni moja: mwandishi hasomi kazi yake mwenyewe. Karatasi zinalazwa kifudifudi mezani bila majina, kila mtu anaokota moja na kuisoma kwa sauti. Naipenda kanuni hiyo. Inawanyima wenye sauti tamu nafasi ya kutuzuga.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa ameandika mwendelezo wa hadithi ya mwalimu mstaafu, mama mkongwe wa kikundi chetu. Katika hadithi ya mwalimu, mwanamke wa Mgeta anamkimbia mumewe. Anapanda lori la kabichi kwenda Dar, na binti yake mdogo anamwacha kwa baba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kumwacha hivyo ni neno zito. Hadithi inaishia lori likikata kona. Fundi yeye akamrudisha yule mama amfuate mtoto.

"Dada, wakiikataa leo, siandiki tena," aliniambia tukiwa njiani. "Nitashona magauni yangu basi." Hakuwa anatania.

Sasa ona mambo: aliyeiokota karatasi yake ni mwalimu mwenyewe. Alifika aya ya pili akaishusha karatasi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Huu ni wizi wa mchana kweupe!" mwenyekiti akadakia. "Mhusika ana mwenyewe. Iondolewe hiyo."

Nikapandwa na hasira. "Na sungura wa ngano ana mwenyewe? Bibi yako alipokusimulia aliomba ruhusa kwa nani?"

"Wewe nawe! Sungura hana mwandishi."

"Anao, tena wengi kuliko wewe."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, alikuwa ameinamia meza. Mwalimu akaiinua tena karatasi. Aliendelea kusoma polepole, mwanamke akashuka kwenye lori, akapanda kilima, akafika uani, akamwita mtoto. Karatasi ikaishia hapo.

Fundi akasimama. "Shikamoo mwalimu. Ni mimi niliyeandika. Nisamehe, sikukusudia kukuvunjia heshima."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Mwalimu alikuwa bado ameishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi sikurudi," akasema.

Miaka yote tulikuwa tukimsifu kwa kumbuni mwanamke yule. Nilimwonea huruma mwalimu, na sikujua niangalie wapi.

Akamrudishia fundi karatasi yake. "Umeishia mama anaita. Mtoto hujatuambia," alisema. "Kaandike. Nataka kujua kama aliitika."