Moshi wa Upande wa Kabura

Nyumba ile ilijengwa zamani za wazungu na Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha mbao, kwa ajili ya wanawe wawili waliokuwa hawasemezani. Ndivyo tulivyoambiwa, nami naamini, kwa sababu ni mtu aliyechoshwa na ugomvi tu anayeweza kujenga nyumba nzuri namna ile katikati ya Kitale, yenye veranda ya mbao na mawe ya kuchonga, kisha akaikata sehemu mbili kwa ukuta mnene. Huku mlango, kule mlango. Huku jiko na dohani yake, kule jiko na dohani yake. Alichosahau kugawa ni ua wa nyuma, wenye mfereji mmoja wa maji na kamba moja ya kuanikia nguo.

Cherehani yangu ilikuwa ikitazama ua huo, ng'ambo ya barabara. Nilitoka Myanga nikiwa msichana, nikaja Kitale kushona yunifomu za shule, na kwa miaka yote niliyokaa pale sikuhitaji kununua redio.

Jerop aliingia upande wa kushoto mwaka wa sabini na mbili. Alishuka kutoka mlimani, bibi arusi wa Kemboi, dereva wa lori la mahindi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa maneno machache. Upande wa kulia alikuwapo tayari Zachary Thuo, muuza mbegu, mkewe Kabura na mwana wao Ngari. Huyo Kabura alisema kwa niaba ya mtaa mzima. Akipika tulijua, kwa sababu vitunguu vyake vilinukia hadi kwenye kinu cha kusaga mahindi, na akikasirika tulijua hata mapema zaidi. Alikuwa na rinda la manjano lenye kola nyeupe, nililomshonea mimi mwenyewe, na alilianika ndani nje, pindo juu, ili jua lisile rangi. Kila Jumatatu lilichuruzika maji juu ya mboga za sukuma za Jerop, na kila Jumatatu Jerop alitoka, akalitazama, akalisogeza kando bila kusema kitu. Hicho ndicho kilichokuwa kikimuudhi Kabura kuliko matusi.

Kisha Kemboi akafa. Lori lilipinduka akienda Bungoma, na Jerop akabaki na nyumba nusu na binti mmoja, Chepkemei, ambaye baadaye aliolewa mbali. Mwezi mzima Kabura alipika upande wa kushoto. Alimlisha Jerop kijiko kwa kijiko huku akimfokea, ati yeye hana nguvu za kuzika watu wawili. Tangu hapo rinda lilianikwa upande wa pili wa kamba.

Mwisho wa mwaka wa tisini na moja mashamba yakaanza kuungua. Sitaki kueleza nani alimchoma nani. Waliochoma wanajijua, na waliowatuma wanajijua zaidi. Mama yake Zachary, bibi mzee aliyeitwa Nyaruai, alikuwa peke yake shambani chini ya mlima, na asubuhi moja Zachary na Kabura wakatoka na Ngari kwenda kumchukua. Kabura alimtupia Jerop ufunguo uani.

"Niangalizie nyumba, Mama Chepkemei. Nguo zikikauka uanue. Tunarudi kesho."

Hawakurudi. Tulisikia walionekana wamelala kanisani pamoja na wengine wa kabila lao waliofukuzwa, kisha tukasikia malori yamewapeleka upande wa Nakuru, kisha hatukusikia tena.

Siku zile nyumba iliyokaa bila moshi ilipata mwenyewe mpya. Hakuna aliyeuliza kwa sheria gani. Basi haikupita wiki Kiplangat akaja, mdogo wake Kemboi, na vijana wawili wasiojua kusalimu. Alimkuta Jerop kwenye mfereji.

"Shemeji, hawa watu wa huku wameenda?"

"Wameenda wapi? Kabura ako ndani. Ni mgonjwa."

"Ati mgonjwa? Na mlango umefungwa hivyo?"

"Wewe ukiugua unafunguanga mlango? Wacha mtu alale, bana."

Sikuwa nimewahi kumsikia Jerop akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Kiplangat alipotoka tu, nilimwona akifungua mlango wa kulia. Muda si muda dohani ya Kabura ikatoa moshi. Kisha Jerop akatoka na rinda la manjano. Lilikuwa kavu, lilikuwa safi. Akalichovya kwenye ndoo, akalikamua, akalianika ndani nje, pindo juu.

Kuanzia siku hiyo aliishi maisha ya wanawake wawili. Alifagia veranda zote mbili. Yeye ambaye hakuwahi kupenda vitunguu alivikaanga upande wa Kabura hadi macho yakavimba. Alianika blanketi za Zachary, akaanua, akaanika tena. Mtaa ulijua. Tungekosaje kujua? Jerop aliweza kuwasha moto wa Kabura, lakini kelele za Kabura hakuziweza, na ua ule ulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, na kwa mtaa wetu huo ulikuwa muujiza.

Ndugu za mumewe waliacha kuja. Wa kwao mlimani walituma maneno ya kumkanya. Kiplangat akawaambia wauza kuni wasimuuzie, nao wakaogopa. Hata Wabwile, aliyekuwa akileta kuni kwa baiskeli kutoka upande wa Ndalu, alipita akitazama chini. Jerop akaanza kuchoma viti. Akachoma kabati. Mchana mmoja nilisikia shoka, nikaona mguu wa kitanda cha arusi ukiingizwa mlango wa Kabura.

Mwezi wa tatu dohani ya kushoto iliacha kutoa moshi. Moto ulikuwa unatosha upande mmoja tu, na Jerop alichagua upande usio wake. Jioni alirudi kulala chini, sakafuni, penye baridi.

Alikuja kwangu na rinda. Lilikuwa limechanika begani kwa kuloweshwa kila siku.

"Lenah, nishonee."

Nilishona. Alikuwa amesimama tu, machozi yanamtiririka, hata hayafuti.

"Nimechoka," akasema. "Vyangu vimeisha vyote. Kabura akikawia tena sijui nitachoma nini. Na siwezi kuwacha. Nikiwacha siku moja tu, wanaingia."

Nilimpa gunia la vipande vya vitambaa akawashie moto. Nilichukia mkono wangu kwa udogo wa zawadi ile.

Kiplangat alirudi siku za mvua kubwa, na safari hii alishika mtaimbo. Jerop akatokea mlango wa Kabura akiwa na mwiko, harufu ya vitunguu ikimfuata.

"Kabura amelala. Ukitaka kumtoa, anza na mimi."

"Shemeji, kwani wewe ni wa wapi?"

"Wa hii nyumba. Ndugu yako alinileta hapa. Hakunipeleka pengine."

Kiplangat alitazama dohani, akatazama rinda linalochuruzika. "Siku nikijua unanidanganya," akasema, "utaungua na hii nyumba." Akatema mate sukumani, akaenda. Jerop alikaa kwenye kizingiti, mwiko bado mkononi.

Jumatatu iliyofuata, karibu na saa sita, mzee mmoja alisimama kona ya kinu cha kusagia. Alikuwa amekonda, koti limemzidi, kofia ameishika mkononi kama mtu anayeingia matangani. Sikumtambua hadi alipoinua uso. Alikuwa Zachary, na alikuwa peke yake.

Alitazama nyumba. Moshi ulikuwa ukitoka upande wa kulia. Vitunguu vilinukia. Kwenye kamba rinda la manjano lilikuwa ndani nje, pindo juu, likidondosha maji.

Zachary alikimbia. Mzee yule, aliyekuwa akitembea kama anahesabu mawe, aliitupa kofia matopeni akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. "Kabura!" aliita. "Kabura! Kabura wee!" Aliusukuma mlango wa jiko kwa mabega.

Nilivuka nami, sijui kwa nini, nikawakuta. Jerop alikuwa jikoni na mwiko wake, na Zachary alikuwa amesimama mbele yake, mdomo wazi, akitazama nyuma yake, kando yake, kila mahali.

"Yuko wapi?" Jerop akamuuliza. "Baba Ngari, Kabura umemwacha wapi?"

Zachary alijishika ukutani, akateremka hadi chini.

"Nilimzika," akasema. "Mwezi wa pili, kule kambini, kifua. Kaburi nilichimba mimi na Ngari, kwa hii mikono. Nimekuja kukuambia. Halafu nimeona moshi."

Jerop aliipua sufuria. Alitoka uani polepole, akalitoa rinda kambani, akalikumbatia hadi kifua chake kikalowa. Alisimama hivyo, asijue alipeleke wapi. Kisha akalianika tena, pindo juu, kwa sababu lilikuwa bado bichi.