Siku Alipotaja Nane

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya ulezi, habari ilipanda kutoka Mtowisa kwamba tumempoteza fundi viatu niliyecheza naye karata kila Jumapili baada ya misa. Amefia kwa dada yake, kule bondeni kwenye joto, alikokaa wiki mbili. Tangu hapo natembea hapa Sumbawanga kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha.

Karata zetu hazikuwa zile za kopa na shupaza. Zilikuwa za picha, za majoka na milima, alizoachiwa na mpwa wake, na Kiingereza kilichoandikwa humo tulikikokota pamoja. Moja tuliiita Radi. Bei yake unaitaja mwenyewe: ukisema radi ya tano, unalipa nguvu tano kati ya zile za zamu yako, na mwenzako anapoteza uhai tano. Alikuwa pia na Mlima, karata inayopunguza kila bei kwa mbili. Namba hutajwa kwanza, punguzo huja baadaye, wala haliidhoofishi radi. Kwa hiyo mwenye nguvu sita anaweza kutaja nane. Yeye kila mara alitaja sita, akalipa nne, na zile mbili zilizobaki zikakaa hapo mpaka zamu ikaisha, zikapotea.

"Mzee, mtu wa Sumbawanga unaogopa kupiga radi?" nilimtania, maana watu wa huku tunasingiziwa kutumiana radi.

"Sheria naijua, bwana. Ila kikibaki kitu nalala vizuri."

"Hazibaki hizo, zinapotea!"

"Basi zipotee zikiwa zangu."

Ndivyo alivyoishi, na nadhani wengi wetu huku juu. Watoto wake walimaliza shule, mzigo ukapungua, naye akaendelea kuinama kibandani kama mtu asiyepunguziwa chochote. Dada yake huyo, ndugu pekee wa tumbo moja aliyembakia, hakuwa amemwona tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Kila mwaka alisema ataenda mvua zikikatika. Nafuu ikimjia mtu, naona sasa, haikai ikimsubiri. Inampasa ataje kitu kikubwa kuliko alivyozoea.

Jumapili yetu ya mwisho kifua kilikuwa kinambana. Mimi nilibakiwa na uhai nane, yeye nguvu sita na Mlima wake. Aliishika Radi muda mrefu, akitazama nje kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Nane," alisema.

"Umeniua, mzee."

"Kumbe ni rahisi hivi." Akakusanya karata taratibu. "Hivi gari la Mtowisa kesho linaondoka saa ngapi?"

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Gari lilipoanza kusogea, alivua koti lake zito, akanipitishia dirishani.

"Vaa wewe," alisema. "Kule kuna joto."