Siku Kampuni Yetu Haikuwako Mahakamani

Mwanangu, tangu uniambie vijana wenzako wamekuchagua kuwa karani wa kampuni yenu ya majani chai, nimekuwa nikiikumbuka asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijawahi kukusimulia. Usinicheke kabla sijamaliza.

Mimi pia nilikuwa karani. Majirani hapa Merigi tuliandikisha kampuni ya maziwa, ikanunua ploti kando ya barabara, tukaweka mtambo wa kupoza maziwa. Asubuhi za pale nazitamani mpaka leo: akina mama na mikebe yao, utani wa foleni, punda waliojua njia kuliko wenyewe.

Kisha mtu mmoja akaenda kortini akidai ploti ni yake. Mwenyekiti wetu, Mzee arap Chumo, akanituma kwa sababu nilikuwa na maneno mengi. Aliniambia niulize utaratibu kwanza. Nikaona ya nini? Nilikulia kwenye kokwet, baraza letu la kijiji, ambako yeyote wa boma husimama akalisemea boma lake. Nikadhani korti ni kokwet yenye dari.

Kesi ilipoitwa, nikasimama.

"Wewe ni wakili wa kampuni?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni karani."

"Uko na barua ya wakurugenzi yenye muhuri, ya kukuruhusu kuisemea?"

"Sina."

"Basi keti. Kampuni yenu haijafika leo."

Watu wakacheka kidogo. Kicheko hicho kilinichoma, mwanangu. Nilipofika nyumbani, Mzee akaniuliza kesi ikoje, nikamwambia inaendelea vizuri. Sikurudi kortini tena. Kila alipouliza, nilijibu vilevile, naye aliniamini.

Siku amri ya kuhama ilipoletwa, hakunifokea. Alinipeleka masjala, pale mafaili ya kesi yanapotunzwa, akasema sisi ndio tulioshtakiwa na tunaomba kuona faili letu. Tukapewa bila shida yoyote. Yeye hakujua Kiingereza, kwa hiyo akaniambia nimsomee kwa Kikipsigis, polepole, kila ukurasa. Tarehe baada ya tarehe maneno yalikuwa yaleyale: kampuni haikufika. Sauti iliniisha kabla faili halijaisha.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "tungeandika barua jioni hiyo, ama tutafute wakili. Aibu ingekuwa yako, ya siku moja tu. Sasa ni yetu sote."

Wakili tuliyemtafuta aliomba kesi ifunguliwe upya, akaambiwa tumechelewa mno. Mtambo ukang'olewa. Mzee arap Chumo aliendelea kunikaribisha mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, kwake hadi alipofariki, na hakuligusia jambo lile tena. Nina hamu naye sana. Natamani angenigombeza hata mara moja.

Basi nisikilize. Kampuni ni ya watu, lakini kortini haina mdomo mpaka mumpe mtu ruhusa kwa maandishi, au mumweke wakili. Hata mkiwa na wakili, nenda masjala mwenyewe, omba faili lenu, ulisome. Na ukikosea, rudi uwaambie wenzako siku hiyohiyo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe ujasiri wa kusema "nimeshindwa" wakati wenzako bado wanaweza kukusaidia.