Jiwe Lililonyweshwa Praima

Juzi muuza rangi wa Ngara mjini alifungua kopo la praima, ile rangi ya kwanza, ya mawe ya bustani, na harufu yake ikanirudisha kwa Bibi, mchana ule wa utotoni tulipokuwa tukipamba njia ya kigangoni kwa mawe ya rangi kwa ajili ya Askofu.

Bibi alikataa chokaa kwa sababu mvua moja tu ingeiosha.

"Linyweshe praima kwanza," aliniambia. "Jiwe lina kiu, litakumalizia rangi yote."

Nikaamini mawe yana uhai.

Nilipopaka jiwe moja la mviringo lililojaa tope, likatoa kichwa. Likatoa miguu. Likaondoka!

"Bibi, tumelinywesha mno!"

Bibi, aliyesema mwenyewe kuwa jiwe lina kiu, akaangusha brashi, akapiga ishara ya msalaba.

Leo najua alikuwa kobe, maskini. Lakini juzi, kabla ya kupaka mawe ya bustani yangu, nilibisha hodi kwenye kila jiwe.